Mimea ya Ukame Nyumbani (6): Tembo wa Saruji na Vichipukizi 62

Siku ya Mto Mara, inayoadhimishwa kila Septemba 15 na sisi pamoja na jirani zetu wa Kenya, imekaribia, na kama kawaida tunahimizwa kupanda miti kandokando ya mto. Wito huo nauunga mkono kwa moyo wote. Lakini mto unaotoka Mau, ukapita mbugani na kuzitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria, haupungukiwi maji kingoni tu. Tunayamwaga pia uani. Kiangazi kizima kuna bustani zinazonyweshwa ndoo kwa ndoo kila jioni ili maua ya kununua yasinyauke, na nyuma ya ua huohuo kina mama wamepanga madumu kisimani tangu alfajiri. Kwa hiyo leo naliweka kando somo la udongo, nizungumzie sanamu kuukuu zinavyoweza kuwa vyungu vya mimea isiyodai ndoo kila jioni.

Mapambo ya saruji tunayapenda: simba getini, twiga kwenye majani, tembo karibu na baraza. Yakizeeka tunayatupa. Yupo tembo mmoja jirani na kwangu Mugumu, kimo chake kama cha mbuzi, aliyekatika sikio la kulia. Ufa umeanzia shingoni ukafika mgongoni, na ukichungulia ndani unaona nondo nyembamba iliyoliwa na kutu. Kutu huvimba, na kuvimba huko ndiko kunakopasua saruji. Mwenyewe alikwisha kumkokota hadi barabarani amsubirie mzoa taka. Nilimwomba amrudishe, kwa sababu tumbo lake ni tupu, na tumbo tupu la saruji ni chungu kizuri cha mishubiri.

Watu huniuliza mmea utaishije humo. Wasomaji wa toleo la tatu wanakumbuka jinsi mimea hii inavyofungua vinyweleo vyake usiku na kuvifunga mchana, basi sirudii. Nitawajibu kwa habari ya mkonge, ambao nao ni wa kundi hili la majani manene, na ambao sichoki kuusimulia.

Asili ya mkonge ni Mexico. Katika miaka ya 1830, Henry Perrine, daktari aliyekuwa mwakilishi wa Marekani huko Campeche, alipeleka miche Florida akiamini kwamba ardhi duni ya kule ingefaa kwa mimea ya nchi za joto. Hakuishi kuona matunda ya kazi yake. Aliuawa Agosti 1840, kisiwa cha Indian Key kiliposhambuliwa wakati wa vita vya Waseminole. Mkonge wake ukabaki bila mwenyewe. Hakuna aliyeumwagilia wala kuupalilia, nao ukaendelea kuzaana. Zaidi ya miaka 50 baadaye, Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Wajerumani iliyokuwa ikitafuta zao la pwani yetu, aliagiza kutoka Florida vichipukizi 1,000. Vilivuka Atlantiki hadi Hamburg, vikapakiwa tena melini kuja Tanga. Mwaka 1893 vilipofika, vilivyokuwa hai vilikuwa 62 tu. Hivyo ndivyo vilivyopandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Vichipukizi hivyo vilivumilia safari yote hiyo. Vilikuwa na akiba ya maji iliyomo majanini, basi. Kutoka kwa hivyo 62 yalipatikana mashamba ya Tanga, Korogwe, Morogoro na Kilosa, yaliyolimwa kwa jasho la manamba waliotolewa mikoa ya mbali. Tulipopata uhuru mwaka 1961 hapakuwa na nchi iliyotushinda kwa mkonge, na miaka michache baadaye tulivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mtu wa Ujerumani alivipokea vichipukizi vilivyosinyaa akaviona ni mali. Sisi tuna mishubiri inayochanua juu ya majabali ya Serengeti bila kuombwa, chozi wakigombania maua yake, nasi tunalipia miche ya ng'ambo isiyoweza kukaa wiki bila maji. Jambo hili linanikera. Gilbert Reynolds, mpimaji macho wa Johannesburg, alizunguka Afrika akiisaka mishubiri hadi akaiandikia kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1966. Watoto wetu wanaoipita wakienda shule hawaambiwi hata jina la mmea.

Sasa tembo. Rangi inayobanduka iloweshe kwanza kabla ya kuikwangua, na watoto wakae mbali, kwa kuwa rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Panua ufa wa mgongoni kwa tindo na nyundo ndogo, taratibu, hadi kiganja kipite. Halafu toboa matundu mawili au matatu tumboni, upande wa chini. Hili usiliruke, maana mimea hii inauawa zaidi na maji yaliyotuama kuliko kiu. Nondo iliyo wazi isugue kwa brashi ya waya, uipake rangi ya kuzuia kutu. Tandika kokoto, kisha jaza mchanganyiko wa mchanga mara mbili na udongo mara moja, samadi iliyooza kiganja kimoja. Mchanga uwe wa masalia ya ujenzi. Kingo za Mara zimechimbwa vya kutosha.

Kipande ulichokata kutoka mmea mwingine kiache kivulini siku kadhaa jeraha likauke. Ukishapanda, subiri wiki ndipo umwagilie, na baadaye mwagilia pale tu udongo unapokauka hadi chini. Majani ya chini yakilegea na kutoa harufu, umezidisha. Minyara usiiweke humo ikiwa kuna watoto wadogo, kwani utomvu wake ukiingia machoni unaweza kupofusha.

Miche itoke wapi? Si hifadhini, kung'oa mmea humo ni kosa. Katani pori, mmea mwingine wa majani manene, huzaa watoto pembeni, hivyo jirani atakumegea. Mshubiri wetu unaoonekana zaidi, Aloe secundiflora, kwa kawaida hukaa peke yake na huoteshwa kwa mbegu, kwa hiyo anayeung'oa mmoja porini ameacha shimo. Kenya walikwisha kupiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini mwaka 1986. Tena, isipokuwa Aloe vera ya dukani, mishubiri yote imo kwenye mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo anayefikiria kuvusha miche mpakani Sirari aanze na kibali.

Wenye hoteli na kambi za upande wa lango la Ikoma ndio wenye masanamu mengi, na baadhi yao huletewa maji kwa boza. Nawaomba waanze wao, msimu huu, kwa mbegu za mishubiri ya hapahapa. Toleo lijalo tutarudi kwenye udongo mweusi wa mbuga na namna ya kuufanya upitishe maji.