Lugha ya Swali la Hisabati: Mfano wa Kalemie

Makala haya yanahusu lugha ya maswali ya mashindano ya hisabati kwa shule za sekondari, na hasa namna swali la aina hiyo linavyoweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kupotoka maana. Mji tuliouchagua kuwa mfano ni Kalemie, bandari iliyo mahali mto Lukuga utokapo katika Ziwa Tanganyika, ambayo enzi za Wabelgiji iliitwa Albertville. Kiswahili ni cha siku nyingi katika ufuko huo: kituo cha Mpala, kusini mwa mji, kilianzishwa mwaka 1883, na Mapadri Weupe waliokipokea mwaka 1885 waliifundisha dini kwa lugha hiyo. Hata hivyo, mwanafunzi wa sekondari wa Kalemie husomeshwa hisabati kwa Kifaransa, ingawa Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa. Ng'ambo ya ziwa, huko Kigoma, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza hesabu kwa Kiswahili sanifu, kisha akifika sekondari huhamia Kiingereza. Basi istilahi ziko upande mmoja wa maji, na haja yake iko pande zote mbili.

Swali la mashindano si sawa na swali la mtihani wa kawaida. Katika mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari nchini Kongo, mwanafunzi kwa kawaida huchagua jibu moja kati ya majibu aliyopewa. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza nchini Romania mwaka 1959, mshindani hupewa maswali sita kwa siku mbili, matatu kila siku, muda wa saa nne na nusu, na kila swali lina alama 7. Alama hizo hazitolewi kwa jibu pekee, bali kwa hoja iliyoandikwa kikamilifu. Olimpiadi ya Hisabati ya Afrika Nzima, iliyofanyika mara ya kwanza Rabat, Moroko, mwaka 1987, ina desturi hiyohiyo ya kudai uthibitisho. Kwa hiyo lugha ni sehemu ya kazi yenyewe. Yafaa pia tukumbuke kwamba katika olimpiadi ya kimataifa viongozi wa timu huyatafsiri maswali kwa lugha za wanafunzi wao, na tafsiri hizo hukaguliwa na viongozi wenzao kabla ya mtihani.

Tuchukue swali la kwanza kabisa la mwaka 1959. Lilitaka ithibitishwe kwamba sehemu ambayo kiasi chake ni 21n + 4, na asili yake ni 14n + 3, haiwezi kurahisishwa, n ikiwa namba kamili yoyote iliyo kubwa kuliko sifuri. Maneno "sehemu", "kiasi", "asili" na "kurahisisha" yote yamo katika hesabu za shule ya msingi Tanzania. Hakuna hata moja lililohitaji kubuniwa. Uthibitisho nao ni mfupi. Tuseme iko namba inayogawanya kiasi na asili bila baki. Namba hiyo itagawanya pia mara tatu ya asili, yaani 42n + 9, na mara mbili ya kiasi, yaani 42n + 8. Basi itagawanya tofauti ya hizo mbili, nayo ni 1. Namba pekee inayogawanya 1 ni 1 yenyewe. Kwa hiyo sehemu hairahisishiki.

Hapa mwanaisimu ana la kutazama. Istilahi tunazozihitaji ni "kigawo", yaani namba inayogawanya, na "kigawe", yaani namba inayogawanyika kwayo. Tofauti yake ni irabu moja tu ya mwisho: -o ya chombo, kama katika "kifuniko", na -e ya kitendwa, kama katika "kiumbe". Mantiki ya uundaji ni safi mno, ila sikio la mwanafunzi aliye katika chumba chenye kelele halina rehema. Nadhani ni heri mwalimu aseme "namba inayogawanya 12" mara kumi kuliko kusema "kigawo cha 12" akasikika "kigawe". Istilahi "namba tasa" ni bora zaidi, kwani inajieleza: ni namba isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe. Ama "witiri" na "shufwa", zilizotokana na Kiarabu, Mwislamu huzifahamu kwa sababu ya sala ya witiri; kijana wa Kalemie aliyezizoea kwa Kifaransa atahitaji kufafanuliwa.

Lakini matatizo makubwa hayatoki katika istilahi. Yanatoka katika maneno madogo: "kila", "wote", "yoyote", "angalau", na hasa ukanushi. Kifaransa husema *tous les nombres ne sont pas pairs*, kikimaanisha kwamba baadhi ya namba si shufwa. Mwanafunzi akiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno, ataandika "namba zote si shufwa", na Mswahili ataelewa kwamba hakuna namba shufwa hata moja. Kauli iliyokuwa kweli imegeuka uongo. Kiswahili hukipeleka kikanushi mbele: "si namba zote zilizo shufwa".

Jambo hili lina uzito katika mashindano. Leonhard Euler alionyesha kwamba n² + n + 41 hutoa namba tasa n ikiwa 0, 1, 2 na kuendelea hadi 39. Je, hutoa namba tasa daima? La, kwani n ikiwa 40 tunapata 1681, ambayo ni 41 mara 41. Mfano mmoja umetosha kuthibitisha kwamba si namba zote za aina hiyo zilizo tasa. Anayeandika "namba zote za aina hiyo si tasa" amedai jambo jingine kabisa, ambalo ni uongo tangu n ikiwa 0, na msahihishaji hawezi kulaumiwa akimnyima alama.

Utata wa namna hiyo umo pia katika neno "mmoja". Watu 13 wakipanda boti bandarini Kalemie, angalau wawili wao walizaliwa mwezi mmoja, kwa kuwa miezi ni 12 tu. Je, "mwezi mmoja" ni mwezi uleule, au ni muda wa siku thelathini? Muktadha hutuokoa katika mazungumzo. Katika swali la mashindano heri iandikwe "mwezi uleule".

Hali kadhalika, liko jambo la alama. Kalemie, kwa kufuata Kifaransa, mkato hutenga desimali, na nukta hutumika kutenga maelfu. Kigoma ni kinyume chake. Swali lililoandikwa "2,500" Kigoma litasomwa mbili na nusu Kalemie. Mtungaji anayewaandikia wanafunzi wa pande zote mbili aache nafasi tupu kati ya maelfu na mamia, na sehemu za namba aziandike kwa kiasi na asili.