Saa Janja Haivuliwi Kasha Kirahisi

Je, wajua kwamba saa janja inaweza kuwa na betri nzima, kioo kizima na programu isiyo na tatizo, lakini ikaishia kabatini kwa sababu ya vitufe vinne vya mpira? Ndiyo yaliyozipata saa nyingi za Pebble 2.

Kampuni ya Pebble ilianzishwa na Mkanada Eric Migicovsky. Mwaka 2012, kabla Apple haijaingia katika biashara ya saa, watu zaidi ya 68,000 waliichangia Pebble zaidi ya dola milioni 10 kupitia Kickstarter. Pebble 2 ilitoka mwaka 2016, na Desemba ya mwaka huohuo kampuni ikafungwa, Fitbit ikanunua sehemu ya mali zake. Seva zilipozimwa mwaka 2018, wapenzi wa saa hiyo waliojiita Rebble wakaziendeleza huduma zake wenyewe. Januari 2025 Google, ambayo tayari ilikuwa imeinunua Fitbit, ikauweka hadharani msimbo wa mfumo wa Pebble. Programu ikapata walezi, kasha halikupata.

Kioo cha Pebble 2 hakiitikii kidole. Kila amri hupitia vitufe, vitatu kulia na kimoja kushoto, navyo ni vya mpira laini. Miaka ikipita, mpira huo huota nyufa, kisha humeguka chembe chembe hadi tundu likabaki wazi. Saa iliyoundwa kustahimili maji ya kina cha mita 30 sasa huingiwa na jasho la mvaaji wake.

Ndipo wamiliki wakaanza kujichapia makasha kwa printa za 3D. Wengi hudhani wanaibadilishia saa nguo, kumbe kasha ni kiungo cha mwili wake, kama gamba la kobe lililoungana na mbavu zake. Ndilo linaloipa antena nafasi: plastiki hupitisha mawimbi ya redio, ilhali chuma huyazuia, kwa hiyo huwezi kubadili malighafi upendavyo. Ndilo linaloshikilia kitufe mahali pake. Kikizidi kwa sehemu ndogo ya milimita hukaa kimebonyea muda wote, kikipungua hakiigusi swichi. Tena plastiki iliyochapwa tabaka juu ya tabaka huwa na vinyweleo visivyoonekana, na maji huvipenya.

Kazi ngumu zaidi ni kuifungua saa yenyewe. Saa janja nyingi zimefungwa kwa gundi, hivyo fundi huzipasha moto kingo zake hadi gundi ilegee, kisha hupenyeza kipande chembamba cha plastiki taratibu. Moto ukipungua, kioo hupasuka. Ukizidi, unaumiza betri ya lithiamu. Betri hiyo ikitobolewa kwa bisibisi inaweza kuwaka papo hapo. Kioo kikishainuka, usikivute. Chini yake kuna utepe wa nyaya, mwembamba kama karatasi, unaokiunganisha na bodi. Inua kwanza kifungio chake kwa ncha ya plastiki, ndipo uutoe. Ukikatika, saa imekufa hata kama kasha jipya limekaa sawasawa.

Kabla ya kufunga, gundi ya zamani isafishwe yote, kwa kuwa chembe moja tu ikibaki ukingoni huacha upenyo. Hata ukifunga vizuri, usiuamini tena ule mstari wa mita 30 au 50 kwenye maelezo ya saa. Kipimo hicho ni cha shinikizo la maji yaliyotulia kwa saa mpya yenye gundi ya kiwandani. Apple yenyewe huwaambia wateja wake kwamba uwezo wa saa zake kustahimili maji si wa kudumu, nazo hazijaguswa na fundi.

Basi kama saa yako ingali chini ya dhamana, usiifungue. Ipeleke kwa wakala. Ikiwa kampuni imekufa na vitufe vimemeguka, huna cha kupoteza: jaribu kuifungua, betri ikiwa na chaji kidogo, mezani penye mwanga, na vipuri vyote mkononi. Ikipona, ivae kazini na safarini, lakini ivue kabla ya kuoga.