Gemu ya kupanda Meru: Kwa nini mhusika anapenya ardhini simu ikikwama

Arusha. Chukua gemu ya simu ya kupanda Mlima Meru. Mhusika anaanzia geti la Momella, anaruka magogo, anakwepa nyati, anapita Miriakamba na Saddle hadi kileleni, zaidi ya mita 4,500. Picha inaonekana kwa ubavu tu, kama Super Mario Bros. ya mwaka 1985.

Kinachoiendesha ni injini: programu inayoshika sheria za dunia ya gemu. Kwa gemu ya kuruka, sheria zenyewe si nyingi.

Ramani ni miraba, tuseme ya pikseli 16; 0 ni hewa, 1 ni ardhi. Uvutano ni kuongeza kasi ya kushuka kidogo kidogo. Kuruka ni kumpa mhusika kasi ya kwenda juu mara moja, tena akiwa amesimama juu ya kitu. Sharti hilo likisahaulika, anapaa kama ndege ya KIA. Akisogea kulia au kushoto, injini inakagua kwanza kama amegonga ukuta, ndipo ihesabu juu na chini. Vikichanganywa, ananasa kwenye kona.

Wengi wanaoanza wanakwama kwenye muda.

Mtu anaandika: msogeze mhusika pikseli 5 kila fremu. Kwenye simu mpya ya fremu 60 kwa sekunde, anakimbia pikseli 300. Simu ya zamani ikitoa fremu 30, anakwenda 150. Gemu ni ileile, lakini wa Kijenge anakimbia na wa Ngaramtoni anajikokota.

Dawa ya kwanza ni kuzidisha kasi kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Inasaidia, ila ina mtego. Simu ikiganda nusu sekunde kwa sababu WhatsApp imeita, mhusika anayedondoka kwa pikseli 600 kwa sekunde anashuka 300 kwa mkupuo. Mraba wa pikseli 16 anauruka bila injini kuuona. Ameshapotea chini ya mlima.

Suluhisho ni hatua zisizobadilika. Injini inaweka akiba ya muda uliopita, kisha inaukata vipande vya 1/60 ya sekunde na kukagua ardhi kila kipande. Sasa anashuka pikseli 10 kwa hatua, hivyo mraba haumponyoki. Kasi ya kudondoka iwekewe kikomo, na akiba pia, la sivyo simu dhaifu itazidi kulimbikiza deni la hesabu.

Anayetaka tu gemu itoke haraka atumie Godot: ni ya bure, na msimbo wake uko wazi tangu 2014. Kujiandikia injini kunamfaa anayetaka kuelewa, au anayetaka gemu nyepesi isiyomaliza bando la mchezaji.

Kabla ya kumpa mtu yeyote, ijaribiwe kwenye simu kongwe kuliko zote nyumbani, huku nyuma kuna video inapakuliwa.