Biti, Baiti na Baudi: Vipimo vya Kasi ya Data katika Vifaa vya Zamani vya Kompyuta na Namna ya Kuviandika kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi
Miongozo ya modemu, disketi na viendeshi vya CD-ROM vya miaka ya 1980 na 1990 hutaja kasi ya kuhamisha data kwa vipimo visivyofanana. Mfasiri au mtunga kamusi anayeishughulikia hulazimika kubadili kipimo kimoja kuwa kingine. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ugumu umo katika majina. Makala hii inafafanua ubadilishaji huo na kutetea hoja kwamba maneno kamili ya Kiswahili hutenganisha dhana hizi vizuri zaidi kuliko vifupisho vilivyorithiwa.

2.0 Biti na Baiti
Biti ni tarakimu moja ya mfumo wa namba mbili, yaani 0 au 1. Baiti, katika vifaa vinavyojadiliwa hapa, ni fungu la biti nane. Hivyo, kasi iliyotajwa kwa biti hugawanywa kwa nane ili kupata baiti: Ethaneti ya biti milioni 10 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya baiti milioni 1.25 kwa sekunde.

Istilahi hizi zilikaribiana tangu zilikozaliwa. Werner Buchholz wa kampuni ya IBM, aliyebuni neno la pili mwaka 1956, aliliandika kwa herufi y badala ya i ili lisichanganywe na la kwanza. Kiswahili kilikopa matamshi, si tahajia. Kwa hiyo, tofauti iliyokuwa ya herufi imekuwa ya silabi: bi-ti ina silabi mbili, ilhali ba-i-ti ina tatu. Tofauti hiyo hufifia mwandishi anapotumia vifupisho, ambapo b ndogo ni biti na B kubwa ni baiti. Kichwa cha jedwali kilichopigwa chapa kwa herufi kubwa tupu chatosha kuikuza kasi mara nane.

3.0 Baudi
Baudi, iliyopewa jina la mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa, Émile Baudot, huhesabu mabadiliko ya ishara katika sekunde moja. Katika modemu za awali za biti 300 kwa sekunde, kila ishara ilibeba biti moja, na idadi hizo mbili zikalingana. Ulinganifu huo ulizaa mazoea ya kuyachukulia maneno hayo kuwa visawe. Katika kiwango cha V.22bis, kila ishara hubeba biti nne. Baudi 600 huleta biti 2,400 kwa sekunde. Kuiita modemu hiyo “ya baudi 2,400” ni kosa la kisemantiki, na “baudi kwa sekunde” ni uradidi, kwa kuwa sekunde imo ndani ya fasili.

Aidha, kugawanya kwa nane hakutoshi hapa. Katika mpangilio uliozoeleka, kila baiti ilitanguliwa na biti ya kuanzia na kufuatwa na biti ya kumalizia, jumla biti kumi. Biti 2,400 kwa sekunde ni baiti 240 kwa sekunde, si 300. Faili ya baiti 368,640, sawa na ujazo wa disketi ya KB 360, huchukua sekunde 1,536, yaani dakika 25 na sekunde 36. Anayesoma biti 2,400 kuwa baiti 2,400 atatarajia kazi hiyo imalizike chini ya dakika tatu.

4.0 Kilo na Mega
Katika njia za mawasiliano, kilo ni 1,000. Katika kumbukumbu na disketi, imetumika pia kwa 1,024. Kiendeshi cha CD-ROM cha kasi ya msingi husoma sekta 75 kwa sekunde, kila moja ikiwa na baiti 2,048. Jumla ni baiti 153,600. Hizo ndizo “KB 150” za miongozo, kwa kilo ya 1,024; kwa kilo ya 1,000 ni 153.6. Disketi ya “MB 1.44” ina utata zaidi: baiti zake 1,474,560 ni zao la 1.44, 1,000 na 1,024. Mega yake ni chotara.

Mwaka 1998, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliidhinisha kibi kwa 1,024 na mebi kwa 1,048,576. Kimofolojia, silabi ki- katika kilobaiti na kibibaiti hufanana na kiambishi cha ngeli ya KI-VI, na neno la mkopo kilabu lilikwisha kupata wingi vilabu kwa njia hiyo. Hata hivyo, kilo ya uzito imekaa katika ngeli ya I-ZI: kilo mbili zimepungua, si *vilo viwili vimepungua. Kilobaiti hufuata mkondo huo, na kibibaiti yafaa iufuate.

5.0 Hitimisho
Ufafanuzi huu unaelekeza kwenye kanuni tatu za uandishi. Mosi, biti na baiti ziandikwe kwa ukamilifu, angalau zinapotajwa kwanza. Pili, baudi isitumiwe kwa maana ya biti kwa sekunde. Tatu, thamani ya kilo au mega ielezwe pale inapoathiri jibu. Vifaa hivyo vimepitwa na wakati, lakini utata wake haujapitwa: mnunuzi wa bando la intaneti huuziwa ujazo kwa megabaiti na kutangaziwa kasi kwa megabiti. Silabi moja ya Kiswahili inaweza kumwonesha tofauti ambayo herufi moja humficha.