Mwimbaji Juu ya Dashibodi

Mfumo wa sauti wa gari huitwa sahihi pale muziki unapomfikia msikilizaji vilevile ulivyotoka studio: besi haikutiwa chumvi, trebo haikufifia, na kila ala inasikika mahali ilipopangwa wakati wa kurekodi. Lengo hilo ni tofauti na la matatu za Nairobi au la gari la matangazo, ambako kinachotakiwa ni mdundo utikise kifua na usikike mtaa wa pili. Hata mashindano ya muziki wa magari yamegawanyika hivyo. Yapo ya kupima ukubwa wa sauti, ambayo mshindi huamuliwa na namba ya desibeli, na yapo ya ubora, kama yale ya IASCA ya Marekani na EMMA ya Ulaya. Katika haya ya pili mwamuzi huingia garini, hufunga mlango, husikiliza nyimbo za majaribio, kisha hutoa alama kwa toni, kwa uwazi wa sauti na kwa mahali anapomsikia kila mwanamuziki amesimama.

Huko kusimama kwa mwanamuziki ndiko kiini cha kazi yote. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, aliomba hataza ya mfumo wa sauti wa njia mbili, ambao leo kila mtu anauita stereo. Spika mbili zikitoa sauti ileile, kwa nguvu ileile na kwa wakati mmoja, ubongo hausikii spika mbili. Unasikia mtu mmoja aliye katikati yake, mahali ambapo hakuna kitu. Spika moja ikizidi nguvu kidogo, mtu yule husogea upande wake. Sharti ni kwamba msikilizaji awe umbali sawa na spika zote mbili. Sebuleni sharti hilo hutimizwa kwa kuvuta kiti. Garini kiti kimefungwa kwa bolti, tena upande mmoja.

Katika gari la usukani wa kulia, kama yalivyo mengi ya Tanzania, Kenya na Uganda, kichwa cha dereva kinaweza kuwa sentimita 90 kutoka spika ya mlango wa kulia na sentimita 140 kutoka ya kushoto. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Kwa hiyo sauti ya kulia hutangulia kwa takriban milisekunde moja na nusu. Ubongo nao huichukulia sauti iliyotangulia kuwa ndiyo inayoonyesha upande, jambo ambalo Mjerumani Helmut Haas alilichunguza kwa kina katika tasnifu yake ya mwaka 1949. Matokeo yake bendi nzima hurundikana kwenye goti la kulia la dereva. Nchini Rwanda na Burundi, ambako usukani rasmi ni wa kushoto, hurundikana kwenye goti la kushoto. Spika ya bei kubwa haiondoi kosa hili, kwa sababu nayo itatangulia vilevile.

Kosa hilo hupimwa kwa urahisi kwa kutumia rekodi ya mono. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodiwa Bombay mwaka 1928, kabla ya stereo, na sauti yake ilishikwa kwa njia moja tu. Nakala ya rekodi za namna hiyo, au hata sauti ya msomaji wa habari wa redio, ikichezwa ndani ya gari lililopangwa vizuri hutoka katika nukta moja juu ya dashibodi, katikati ya kioo cha mbele, karibu na usawa wa macho. Ikitoka mlangoni, au ikisambaa kioo kizima kana kwamba mwimbaji ana mdomo wa mita moja, gari bado halijapangwa.

Tatizo la pili ni kabini yenyewe. Vioo hurudisha sauti kali, wakati viti vya kitambaa na zulia huinywa. Sauti ya tuita, yaani spika ndogo ya trebo, iliyofungwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele hufika sikioni mara mbili, kwanza moja kwa moja, kisha baada ya kugonga kioo. Njia ya pili ikiwa ndefu zaidi kwa sentimita 17, mawimbi ya hezi 1,000, yenye urefu wa sentimita 34, hukutana yakiwa kinyume na kudhoofishana, na yale ya hezi 2,000 hukutana yakiwa sambamba na kuimarishana. Kwa kuwa kioo si kimoja na kila kimoja kina umbali wake, sauti inayofika sikioni huwa na milima na mabonde mengi yasiyokuwemo kwenye rekodi. Tuita ikigeuzwa hata kidogo, milima hiyo huhama. Ndiyo maana fundi makini huishika kwanza kwa gundi ya muda, akasikiliza, akaigeuza, akasikiliza tena, kabla ya kutoboa tundu lolote.

Kwenye besi ya chini kabisa kabini huwa msaada. Chini ya hezi 70 hivi, nusu ya urefu wa wimbi huzidi urefu wa kabini ya gari dogo, na hapo gari hugeuka kuwa kama pampu: koni ya spika ikisukuma, presha hupanda kila mahali kwa pamoja. Kadiri masafa yanavyoshuka ndivyo msaada huo unavyoongezeka. Sabufa moja (spika ya besi ya chini) ya inchi 10 ndani ya boksi lililozibwa pande zote, lisilo na tundu, kwa hiyo huweza kutoa besi iliyonyooka hadi chini. Boksi lenye tundu huongeza nguvu juu ya nguvu ambayo gari limeshaiongeza, na mara nyingi huleta mvumo mzito unaobaki hewani baada ya ngoma kunyamaza.

Pesa ya kwanza ingefaa iende mlangoni, ingawa wengi huanza na amplifaya. Koni ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma yake huvuta. Bati la ndani la mlango wa gari la kawaida lina matundu makubwa yaliyofunikwa kwa nailoni tu. Wimbi la nyuma hupenya hapo, hukutana na la mbele na kulifuta, na besi huyeyuka. Mwenye gari hudhani spika ni dhaifu, akanunua nyingine, na hiyo nayo ikaonekana dhaifu. Dawa ni kuziba matundu hayo kwa bati au plastiki ngumu huku kioo kikiachiwa nafasi ya kushuka, kubandika kwenye bati mikeka ya butili yenye foili ya alumini ili bati lisitetemeke, na kufunga spika kwenye pete nene isiyocheza. Vitundu vya chini kabisa vya mlango huachwa wazi, maana ndivyo vinavyotoa maji ya mvua. Kazi hii hula siku nzima na haionekani baada ya kufunikwa, lakini spika zilezile za zamani zikirudishwa husikika kama zilizobadilishwa.

Kuhusu nguvu, maandishi ya kwenye redio hupotosha. Redio iliyoandikwa wati 50 mara nne hutegemea umeme wa gari, ambao injini ikiwaka ni volti 14 hivi. Kwa umeme huo, kila spika ya omu 4 hupata kwa kawaida kati ya wati 15 na 22 za uhakika. Ikilazimishwa kupita hapo, vilele vya mawimbi hukatwa, na huo ndio mkwaruzo unaosikika na unaounguza tuita. Amplifaya ya nje ina faida yake, bora kitufe chake cha kurekebisha nguvu kisichukuliwe kama cha kuongeza sauti. Kazi yake ni kulinganisha amplifaya na redio, ili zote mbili zifike kikomo kwa pamoja. Waya wa umeme uwe wa shaba halisi, kwa sababu wa alumini iliyopakwa shaba hupoteza umeme zaidi kwa unene uleule. Fyuzi iwe karibu na betri, kwani waya mrefu usio na fyuzi ukigusa bodi huweza kuteketeza gari. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka na mwendo wa injini hutoka kwa alteneta, na mara nyingi chanzo chake ni waya wa hasi uliofungwa juu ya rangi badala ya bati tupu.

Chanzo cha muziki nacho kina sehemu yake. Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki kutoka Japani yakiwa yametumika huja na redio iliyotengenezwa kwa FM ya kule, iliyoanzia megahezi 76 na kuishia 90 kwa miaka mingi, wakati stesheni za huku hutumia 87.5 hadi 108. Mafundi huongeza kifaa cha kuhamisha masafa, na wenye magari wengine huunganisha simu kwa kirushio kidogo cha FM kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti. FM haivuki hezi 15,000 kwa juu, na kirushio hicho huongeza mvumo wake mwenyewe. Faili iliyobanwa sana, kama ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, nayo huwa imeshapoteza kitu ambacho spika yoyote haiwezi kukirudisha. Faili nzuri, ikipita kwenye waya kutoka simu hadi redio au ikiwa kwenye flashi, hugharimu kidogo na huondoa matatizo yote hayo.

Baada ya hapo hufuata prosesa ya sauti, kifaa kidogo kinachokaa kati ya redio na amplifaya. Kazi yake ya kwanza ni kugawa masafa: sabufa hadi hezi 80, spika za milango kutoka hapo hadi 3,000 hivi, na tuita juu yake. Mgawanyo unaotumika sana ni ule waliouonyesha Siegfried Linkwitz na Russ Riley mwaka 1976, ambao kwenye mpaka kila spika hushuka kwa desibeli 6, na zikijumlishwa jumla hubaki tambarare. Kazi ya pili ni kuchelewesha. Umbali wa kila spika hadi kichwa cha dereva hupimwa kwa futi kamba, na zilizo karibu hucheleweshwa ili zisubiri zilizo mbali. Katika mfano wa hapo juu, spika ya kulia hucheleweshwa milisekunde 1.5 na kupunguzwa nguvu kidogo. Sauti iliyokuwa gotini hupanda na kukaa katikati ya dashibodi, na anayeisikia kwa mara ya kwanza huwa haamini kwamba hakuna spika pale.

Kazi ya mwisho ya prosesa ni ikwalaiza, yaani kupandisha au kushusha nguvu ya masafa mbalimbali. Maikrofoni ya kupimia huwekwa penye kichwa na kusogezwa sehemu kadhaa, spika zikitoa mvumo maalumu wenye masafa yote, na kompyuta huchora milima na mabonde. Milima hupunguzwa. Mabonde yaliyotokana na mawimbi kufutana huachwa, kwa sababu kuyajaza ni kupoteza nguvu: kuongeza desibeli 3 hutaka wati mara mbili, desibeli 10 hutaka mara kumi, na kadiri spika inavyosukuma ndivyo sauti inayorudishwa na kioo inavyoifuta. Mstari unaolengwa hauwi tambarare kabisa. Besi huachwa juu kwa desibeli kadhaa, maana kelele za matairi na injini huimeza gari likitembea, na kutoka hapo sauti huteremka taratibu hadi kwenye trebo.

Gari lililopangwa hivyo ni la kiti kimoja. Ucheleweshaji unaomweka mwimbaji katikati kwa dereva humsogeza zaidi upande wa abiria kwa yule aliyekaa kushoto, kwa kuwa spika iliyo karibu naye ndiyo isiyosubiri. Prosesa nyingi kwa hiyo hutunza mipangilio zaidi ya mmoja: mmoja wa dereva peke yake, na mwingine usio na ucheleweshaji, ambao kila mtu garini hupata sauti ya wastani na hakuna anayepata iliyo kamili.