Alama 16 za Kuingia

Ili mtu akubaliwe katika SOLO 1 au SOLO 2, majaribio mawili pacha ya dawa ya pumu ya ngozi ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, ilimpasa kwanza afikishe angalau alama 16 kati ya 72 kwenye kipimo kiitwacho EASI. Chini ya hapo, ugonjwa wake haukuhesabiwa kuwa mkali vya kutosha.

Majaribio yenyewe yaliendeshwa vizuri. Watu wazima 1,379 kwa jumla waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walidungwa dupilumabu kila wiki, wengine kila baada ya wiki mbili, wengine sindano isiyo na dawa, pasipo mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Dawa hii huzuia interlukini 4 na interlukini 13, kemikali za mwili zinazochochea uvimbe na mwasho. Baada ya wiki 16, katika SOLO 1, asilimia 38 ya waliodungwa kila baada ya wiki mbili walikuwa na ngozi safi au karibu safi. Kwa waliopata sindano tupu, asilimia 10.

Hao asilimia 10 wasidharauliwe. Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe, mtu hutafuta tiba hali ikiwa mbaya zaidi, na washiriki wote walitakiwa kupaka mafuta ya kulainisha ngozi. Bila kundi la ulinganisho, nafuu yao ingehesabiwa kuwa kazi ya dawa. (Anayekuuzia sabuni ya mitishamba kwa ushuhuda wa jirani aliyepona hana kundi hilo.)

Turudi kwenye zile 16. EASI hutazama dalili nne: wekundu, uvimbe, mikwaruzo ya kujikuna, na ngozi kuwa nene. Kila dalili hupewa 0 hadi 3, kisha huzingatiwa ukubwa wa eneo lililoathirika. Kwenye ngozi nyeupe wekundu hujitokeza wazi. Kwenye ngozi nyeusi hali ileile huonekana zambarau, kijivu, au weusi uliokolea kidogo, na jicho lisilozoea huandika sufuri. Chukua mgonjwa anayestahili 2 kwa kila dalili, na jumla yake, eneo likishazingatiwa, ni 20. Futa wekundu, anabaki na 15. Hajaingia.

Mwaka 2002 watafiti Ben-Gashir na Hay walichapisha utafiti wa watoto wa London. Walipozingatia tofauti hiyo ya wekundu katika hesabu, uwezekano wa watoto weusi kuwa na ugonjwa mkali ulikuwa karibu mara sita ya ule wa wenzao weupe. Alama za kawaida zilikuwa zimelificha jambo hilo.

Suluhisho la tatizo hili si gumu: daktari anayekagua alinganishe sehemu inayougua na ngozi nzima iliyo jirani, aguse kutafuta joto na uvimbe. Wanaofundishwa tiba ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, huitazama ngozi nyeusi kila siku. Lakini SOLO ilifanyika Marekani ya Kaskazini, Ulaya na Asia. Mwasho angalau hautegemei jicho la mkaguzi: mgonjwa huutaja mwenyewe, kwa namba kuanzia 0 hadi 10.

Tatizo hurudi jaribio likielekea kuisha. Uvimbe ukitulia, ngozi nyeusi hubaki na madoa kwa miezi. Mkaguzi anayeyahesabu madoa hayo kuwa ugonjwa ataandika kwamba dawa imeshindwa kwa mtu ambaye siku hizi analala usiku kucha bila kujikuna.