Waziri Apimwe kwa Mwenendo, Si kwa Rangi ya Chama

Katika desturi za Waganda, kijana hapewi mke kwa uzuri wa sura yake tu. Kabla ya siku ya kwanjula, yaani siku ambayo upande wa mwanamume hufika kujitambulisha kwa wazazi wa binti, senga huwa amekwisha kuulizia mambo mengi. Senga ni shangazi wa binti, ndugu wa baba yake. Huuliza kijana ni wa ukoo gani, anaishije na majirani, analipaje madeni yake, na kama alikwisha kuoa kwingine akaficha. Maswali hayo hayatoki katika chuki. Yatoka katika ukweli kwamba jamaa wanakabidhi mtu wao, na anayekabidhi hana budi kumjua anayepokea.

Taifa nalo lina siku yake ya kwanjula. Ni siku ambayo mtu aliyeteuliwa kuwa waziri hufika mbele ya Kamati ya Uteuzi ya Bunge, katika majengo ya Bunge mjini Kampala, kabla ya kuapishwa. Siku hiyo yatustahili kuuliza: je, wanaouliza maswali huko ndani huuliza kama senga, au huuliza kama washabiki wa mpira wanaotazama rangi ya jezi tu?

Sheria yasemaje

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa Rais madaraka ya kuteua mawaziri, lakini kwa idhini ya Bunge. Ibara ya 113 yasema hivyo kuhusu mawaziri wa Baraza, na ibara ya 114 kuhusu mawaziri wengine. Katiba hiyo hiyo iliweka kikomo cha mawaziri 21 wa Baraza, ila Bunge likikubali kuongeza. Bunge limekuwa likikubali, na mwaka 2021 mawaziri wa ngazi zote walizidi 80. Kazi ya kuwahoji imekabidhiwa Kamati ya Uteuzi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika mwenyewe. Wajumbe hutoka katika chama tawala na katika upinzani, kwa kadiri ya wingi wao Bungeni. Vikao vyake ni vya faragha.

Ndugu msomaji, mwalimu wa shule ya msingi haingii darasani kabla Tume ya Utumishi ya Wilaya haijamwita, ikamhoji na kukitazama cheti chake. Ikiwa anayefundisha watoto arobaini kusoma herufi hupekuliwa hivyo, itakuwaje kwa yule atakayeamua vitabu vya watoto wa nchi nzima?

Enzi ya Bunge lisilo na vyama

Wako wanaodhani kwamba Bunge letu halikuwahi kumtikisa waziri. Hiyo si kweli. Mwezi Machi 1998 Bunge la Sita lilipiga kura ya kutokuwa na imani na Meja Jenerali Jim Muhwezi, aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Elimu ya Msingi. Mwezi Machi 1999 likafanya vivyo hivyo kwa Bwana Sam Kutesa, Waziri wa Nchi aliyeshughulikia mipango na uwekezaji. Kura ya namna hiyo si rahisi, kwani ibara ya 118 yataka zaidi ya nusu ya wabunge wote.

Yafaa kukumbuka kwamba siku hizo nchi iliongozwa kwa mfumo wa Harakati, na wabunge hawakuingia Bungeni kwa tiketi za vyama. Hapakuwa na kiranja wa chama wa kuwahesabu mlangoni. Mbunge aliweza kumkosoa waziri bila kuambiwa kwamba amewasaliti wenzake. Hata hivyo tusiipambe mno enzi hiyo, kwa sababu mwaka 2001 viongozi hao wawili waliteuliwa tena na kurudi serikalini. Bunge lilifunga mlango, na miaka michache baadaye ukafunguliwa.

Vyama vyarudi

Kura ya maoni ya Julai 2005 ilirudisha mfumo wa vyama vingi, na uchaguzi wa 2006 ukafanyika chini ya mfumo huo. Tangu hapo mizani ya Kamati ya Uteuzi imebeba uzito mwingine. Wengi hutamani kumlinda aliyeteuliwa, kwa kuwa kumkataa ni kama kumkatalia mwenyekiti wa chama chao. Wachache nao hushawishika kumpinga kila mtu, hata anayefaa, ili waonekane kwamba wapo. Hapo swali la maadili hugeuka kuwa hesabu ya vidole.

Hata hivyo Kamati iliwahi kuonyesha kwamba yaweza kusimama. Mwaka 2011, chini ya Spika Rebecca Kadaga, iliwakataa wateule kadhaa wa Rais. Mmoja wao alikuwa Nasser Ntege Ssebaggala, meya wa zamani wa Kampala, aliyependwa sana na wachuuzi na watu wa masoko. Huyu aliwahi kuhukumiwa nchini Marekani kwa makosa ya ulaghai baada ya kukamatwa mwaka 1998. Kwa muda mrefu alihesabiwa miongoni mwa wapinzani, kisha katika uchaguzi wa 2011 akamuunga mkono Rais. Wafuasi wake waliona kwamba ameonewa. Lakini jambo la kutazama ni kwamba jina lililotoka Ikulu lilikataliwa na Kamati yenye wajumbe wengi wa chama tawala. Kumbe inawezekana.

Miaka miwili baadaye ubishi ulikuwa wa namna nyingine. Mwaka 2013 Jenerali Aronda Nyakairima, akiwa bado askari, aliteuliwa kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Wapinzani walidai kwamba Katiba inalitaka jeshi lisifungamane na chama chochote, na kwamba askari hawezi kukaa katika Baraza la serikali ya chama. Upande wa serikali ulisema hakuna sheria inayomkataza. Mabishano yalichukua majuma kadhaa, na mwishoni akapitishwa. Hoja ile ilikuwa nzito na ilistahili kusikilizwa na kila mwananchi, lakini ilijadiliwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Hasara yaingia jikoni

Huenda mama wa nyumbani akasema, “Hayo ni mambo ya wakubwa, mimi natafuta chumvi na sabuni.” La, mama. Mambo hayo yanaingia mpaka jikoni kwako.

Fikiria chanjo. Fedha za mfuko wa kimataifa wa chanjo, GAVI, zilitolewa ili watoto wa Uganda wakingwe na maradhi. Sehemu yake ilitumika vibaya, na mwaka 2007 watu kadhaa wakashtakiwa. Mmoja wao, Bibi Alice Kaboyo, alikiri makosa mahakamani mwaka 2012 akatozwa faini ya shilingi milioni 20. Mwezi Juni 2021 jina lake lilitajwa katika orodha ya mawaziri wa nchi. Hukumu ile ya zamani ilizusha maswali mengi, lakini mwishoni alishika wadhifa huo. Yawezekana wajumbe walikuwa na sababu nzuri. Mtu aliyelipa faini yake ana haki ya kuanza upya, na hoja hiyo ina uzito. Lakini mama aliyesimama foleni na mtoto mgongoni kwenye zahanati hakuisikia, kwa sababu haikusemwa mbele yake.

Fikiria pia mabati. Serikali ilinunua mabati kwa ajili ya watu wa Karamoja, wakiwemo vijana waliokubali kusalimisha bunduki. Mengi yakaishia kwa wakubwa. Mwaka 2023 mawaziri watatu walishtakiwa, na Aprili 2025 Mahakama ya Kupambana na Rushwa ilimtia hatiani Bibi Agnes Nandutu, aliyekuwa Waziri wa Nchi wa Karamoja, ikamhukumu kifungo cha miaka 4. Naye alipita mbele ya Kamati mwaka 2021, akiwa mwandishi wa habari mashuhuri asiye na doa la mahakama. Hapo tunajifunza kwamba uchunguzi wa siku moja hauwezi kuona moyo wa mtu. Senga hamwachi binti siku ya arusi. Huendelea kuulizia hali ya nyumba. Bunge nalo lingeendelea kuulizia.

Jirani zetu

Tanzania haina uchunguzi wa namna hii kwa mawaziri wa kawaida. Waziri Mkuu ndiye anayethibitishwa kwa kura za Bunge. Kenya imekwenda mbali zaidi. Katiba yake ya mwaka 2010 ina sura nzima, ya sita, inayohusu uadilifu wa viongozi, na wateule huhojiwa hadharani huku wananchi wakitazama kwenye televisheni na wakialikwa kuleta pingamizi za maandishi.

Je, uwazi umefukuza ushabiki? Haujaufukuza. Mwaka 2022 Kamati ya Bunge la Kenya ilipendekeza Bibi Peninah Malonza akataliwe, lakini Bunge zima likampitisha pamoja na wenzake. Mwaka 2024, hata hivyo, Bibi Stella Soi Lang'at alikataliwa kweli. Tofauti kubwa ni kwamba Mkenya aliona kwa macho yake nani aliuliza nini, na mteule alijibu nini. Mbunge akigeuza ulimi kesho, mpiga kura anayo kumbukumbu.

Tufanye nini

Kwanza, Kamati ya Uteuzi ifungue mlango. Mambo ya siri ya usalama au ya ugonjwa yabaki faraghani, lakini maswali ya mali, madeni, vyeti na hukumu yaulizwe hadharani.

Pili, Kamati ikimpitisha au ikimkataa mtu itoe sababu kwa maandishi. Hapo chama tawala kitaona haya kumficha asiyefaa, na upinzani utaona haya kumkataa anayefaa.

Tatu, matamko ya mali ambayo viongozi hupeleka kwa Inspekta Jenerali wa Serikali chini ya Kanuni za Uongozi yatumike kama kipimo. Aliyekwisha kushika wadhifa aulizwe alichokuwa nacho jana na alicho nacho leo.

Nne, mwananchi asikae kimya. Majina yanapotangazwa, aliye na ushahidi auandike kwa adabu na aupeleke kwa Karani wa Bunge. Uvumi wa sokoni hauna faida, na kumchafulia mtu jina kwa sababu ya chama chake ni dhambi ile ile tunayoilaumu.

Rangi ya njano, nyekundu au buluu haimtibu mtoto mwenye surua, wala haizuii mvua kupita kwenye paa. Watakapokuja wateule wengine, tuulize kama senga aulizavyo: mtu huyu alitunzaje alichokabidhiwa jana?